Fimbo, Simu na Ukimya: Usalama wa Mwanafunzi Katika Bonde la Mbwemkuru

Binti wa Kidato cha Pili amefika zahanati kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza aliumwa kichwa, mara ya pili tumbo. Leo anasema moyo unamwenda mbio na usiku hapati usingizi. Kipimo cha haraka cha malaria kimetoka hasi mara zote tatu. Kipimo cha ujauzito, ambacho muuguzi alishauri kifanyike kwa tahadhari tu, nacho ni hasi. Shangazi aliyemsindikiza ameketi kwenye benchi nje, anahesabu saa za kurudi shambani. Katika daftari la matibabu la binti huyo ukurasa mzima umekwisha kujaa majina ya dawa za maumivu na za minyoo.

"Mwanangu, huko shuleni kuna nini?" muuguzi anauliza.

"Hakuna kitu, mama."

Mfano huu umeundwa. Kisa cha kweli cha mtoto wa kijiji kidogo hakiandikiki bila kumtambulisha mwenyewe: katika vijiji vya bonde la Mto Mbwemkuru, upande wa Ruangwa na upande wa Nachingwea, ukitaja darasa na maradhi, wasomaji watajaza jina. Hata hivyo, mhudumu yeyote aliyekaa zahanati ya kijijini kwa mwaka mmoja amekwisha kumpokea binti kama huyu, na mara nyingi amemwandikia parasetamoli akaenda zake.

Nyuma ya "hakuna kitu" kuna simu ambayo mwanafunzi haruhusiwi kuwa nayo. Kuna picha aliyoipiga mwenyewe na kumtumia mtu aliyemwamini. Kuna ujumbe unaoingia kila usiku ukimtaka atume picha nyingine, au aje mahali fulani, la sivyo ya kwanza itapelekwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mwenye kumtisha ametulia, kwa sababu anajua mtiririko wa mambo utakavyokuwa endapo binti atafungua kinywa. Mwalimu atauliza kwanza simu ilitoka wapi. Mzazi atauliza picha aliipiga kwa nini. Viboko vitafika kabla ya msaada. Kwa hiyo adhabu iliyowekwa kwa nia ya kumlinda mtoto inamlinda yule anayemtesa.

Hapo ndipo penye kiini cha suala la usalama wa shule, napo hupitwa mara nyingi. Ukatili wa fimbo na vitisho vya mtandaoni hujadiliwa katika semina tofauti, na wataalamu tofauti, kwa bajeti tofauti. Katika mwili wa mtoto mmoja vitu hivyo viwili ni ugonjwa mmoja wenye milango miwili.

Bonde na majira yake

Mhudumu anayetaka kuelewa hatari hiyo katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea hana budi kuangalia kalenda ya mkulima. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka. Korosho huingia mnadani kuanzia mwezi Oktoba. Fedha zinapoingia, simu mpya huingia nazo nyumbani, na ile ya zamani huteremka kwa mtoto mkubwa, ambaye mara nyingi ndiye anayewasomea wazazi ujumbe wa malipo. Hakuna anayekaa naye kumweleza chombo hicho kinafungua mlango wa nani. Halafu huja miezi ya kulima na kupalilia, ambapo wazazi wengi huhamia mashamba ya mbali, na watoto hubaki na bibi au hubaki wenyewe.

Wanafunzi wa sekondari za kata wanaotoka vijiji vya mbali wana jambo lao la ziada: hupanga vyumba karibu na shule, vile wanavyoviita magheto. Chumba hicho hakina mtu mzima. Simu ndiyo njia pekee ya kuagiza unga nyumbani, na ndiyo njia ambayo dereva wa bodaboda, mfanyabiashara wa msimu au kaka wa kidato cha juu humfikia binti saa tano za usiku. Kumwambia mwanafunzi wa geto kuwa simu ni haramu, kisha kuondoka, ni kumwambia aifiche vizuri zaidi.

Bonde hili lina hazina moja ambayo miji mingi imeipoteza. Miongoni mwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, mtoto aliyepita jandoni au unyagoni hutoka na mtu mzima wake nje ya wazazi: somo, kungwi, mtu anayeruhusiwa kuambiwa mambo ambayo mama haambiwi. Yapo ya kulaumiwa katika mafunzo hayo, hasa yanapompeleka mtoto mdogo mbele ya umri wake, na wahudumu wa afya wameyasema kwa miaka mingi. Lakini wazo la kwamba kila mtoto awe na mtu mmoja wa kumwambia aibu yake bila kupigwa ni wazo ambalo wataalamu wa ulinzi wa mtoto duniani wanalitafuta kwa gharama kubwa. Kungwi aliyeelimishwa kuhusu vitisho vya simu anaweza kusikia habari wiki nyingi kabla ya ofisi ya ustawi wa jamii.

Yanayojulikana kwa takwimu

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 2011. Ulifanywa kwa ushirikiano wa UNICEF, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, yaani CDC, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Takribani wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Karibu robo tatu ya wote, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au kuchapwa, na kwa takribani nusu ya vijana mwalimu alikuwa miongoni mwa waliowapiga.

Kisha, mwaka 2022, ukatoka utafiti mwingine, wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF, uliohusu unyonyaji wa kingono wa watoto kupitia mtandao hapa nchini. Uligundua kuwa asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa vitendo vizito vya aina hiyo ndani ya mwaka mmoja tu. Asilimia 4 huonekana ndogo mpaka inapogeuzwa kuwa idadi: watafiti walikadiria watoto wapatao 200,000. Wanaofanya vitendo hivyo mara nyingi si wageni kutoka nchi za mbali. Ni watu ambao mtoto anawajua, na pengine anawaamkia shikamoo njiani. Polisi hupata habari za wachache mno kati ya watoto hao.

Kwa nini hawasemi? Jibu moja linapatikana katika kumbukumbu za shule zetu wenyewe. Agosti 2018, katika Shule ya Msingi Kibeta mjini Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi wa mkoba, na suala hilo likaishia mahakamani kama kesi ya mauaji. Kanuni za adhabu ya viboko, zilizotungwa mwaka 1979 na kurekebishwa mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, msichana achapwe na mwalimu wa kike panapokuwa naye, na kila adhabu iandikwe katika kitabu. Mzazi anayesoma ukurasa huu anaweza kujiuliza kama amewahi kukiona kitabu hicho katika shule ya mwanawe.

Mapema Oktoba 2016, miaka miwili kabla ya msiba wa Kibeta, video fupi ilikuwa imesambaa nchi nzima. Ilionyesha walimu wa mazoezi wakimshambulia kwa makofi, mateke na fimbo mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, ndani ya ofisi ya walimu ya Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya. Serikali iliingilia kati na waliohusika wakaondolewa vyuoni. Watu wengi walisema kuwa bila video ile jambo lingezimwa, na pengine walisema kweli. Lakini video ileile ilimfanya kijana apigwe mbele ya taifa zima. Kila aliyeipokea na kuipeleka mbele kwa nia njema, ili haki itendeke, alimpiga tena. Ndivyo kipigo cha ofisini kilivyogeuka ukatili wa mtandaoni bila mtu yeyote kukusudia.

Tukio la Mbeya lina jambo jingine linalostahili kukumbukwa katika wilaya yenye chuo cha ualimu kama Nachingwea: waliopiga walikuwa bado wanajifunza kazi. Walifika shuleni wakiwa na fimbo mikononi kabla hawajamaliza kujifunza namna ya kuandaa somo. Kwa kuwa fimbo haijaandikwa katika muhtasari wa mafunzo yao, walijifunza kutoka kwa walimu wao wa zamani, nao kutoka kwa wao.

Kipigo kinavyoingia mwilini

Mzazi anayeamini kuwa viboko havijamuua mtu anastahili kujibiwa kwa elimu ya mwili, bila kukaripiwa. Misuli iliyopondwa kwa kipigo kizito humwaga kwenye damu protini iitwayo mayoglobini, ambayo ikifika kwenye figo huharibu mirija yake. Mtoto anaweza kurudi nyumbani akitembea, akala, akalala. Kesho yake au keshokutwa mkojo ukatoka na rangi ya chai ya rangi, kisha ukapungua. Hiyo ni dharura, na zahanati ianze kumpa maji kwa dripu huku rufaa ikiandaliwa. Kofi la sikioni hupasua ngoma ya sikio. Sikio hilo lisiwekewe maji wala matone ya kubahatisha. Teke la tumbo upande wa kushoto linaweza kupasua bandama, hasa ya mtoto ambaye malaria za mara kwa mara zimeivimbisha.

Wapo pia watoto wanaochapwa kwa sababu ya ugonjwa wao. Figo za mwenye selimundu hushindwa kuukoleza mkojo, kwa hiyo mtoto huyo hukojoa mara nyingi, hulowesha kitanda hata akiwa mkubwa, na huomba ruhusa ya kutoka darasani kila kipindi. Mwalimu asiyejua huona utoro. Mwenye aina ya kifafa isiyoangusha, ile ya kukodoa macho kwa sekunde chache na kurudi, huadhibiwa kwa kutosikiliza. Barua ya mistari mitatu kutoka zahanati kwenda kwa mwalimu wa darasa, kwa idhini ya mzazi, huondoa viboko vya muhula mzima, na hakuna dawa katika kabati la zahanati iliyo rahisi kuliko hiyo.

Madhara ya ndani hayaonekani kwa macho, ila hupimika. Mtoto anayeishi akisubiri kupigwa au kuaibishwa huwa na mwili ulio kwenye tahadhari muda wote: homoni za hatari hazishuki, usingizi hukatika, kumbukumbu ya masomo hudhoofu, tumbo na kichwa huuma kweli. Maumivu hayo si ya kujifanya. Mhudumu anayemwambia mtoto "huna ugonjwa" baada ya kipimo cha malaria kutoka hasi amesema uongo bila kujua, na amefunga mlango ambao huenda usifunguke tena.

Katika chumba cha daktari

Turudi kwa binti wa mwanzo. Kitu cha kwanza anachohitaji ni dakika kumi bila shangazi. Katika zahanati yenye foleni, dakika kumi ni nyingi. Hata hivyo ziara tatu zisizo na majibu zimekwisha kula zaidi ya hizo. Mhudumu anaweza kumwambia shangazi kwamba ni utaratibu wa kawaida kuzungumza na kila kijana peke yake, na ni vema kweli uwe utaratibu, ili yule anayebaki ndani asionekane kuwa na siri.

Swali la "kuna nini?" halifai kwa mtoto aliyejifunza kunyamaza. Swali linalofaa humwonyesha kwamba anayeuliza anajua mambo haya yapo: "Wapo mabinti na vijana wanaotumiwa ujumbe wa kuwatisha kwenye simu. Wengine wanatishiwa na picha zao. Je, lipo jambo la namna hiyo linalokusumbua? Hapa hutapigwa wala kugombezwa kwa sababu ya simu." Sentensi ya mwisho ndiyo ufunguo wa zote. Mhudumu asiahidi asichoweza kutimiza, kwa mfano kwamba hatamwambia mtu yeyote. Aseme ukweli, kwamba watu watakaoambiwa ni wachache, na kwamba binti atajua ni nani na kwa nini kabla hawajaambiwa.

Endapo kitisho kimekwisha kugeuka kitendo cha kingono, saa huanza kuhesabiwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zianzwe ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana, na zimezwe kwa siku 28. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, lakini nguvu yake hupungua kila siku inayopita. Fomu ya polisi, PF3, ni muhimu kwa kesi, lakini matibabu ya dharura hayaisubiri. Mtoto aliyetembea kilomita ishirini asirudishwe kutafuta karatasi. Nguo alizovaa zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi. Uchunguzi wa mwili ufanyike mara moja tu, kwa ridhaa yake, na mtu anayejua kuujaza.

Endapo bado ni vitisho vya simu, kosa la kwanza ambalo watu wazima hulifanya ni kufuta kila kitu kwa hasira, na la pili ni kuipeleka picha kwa mjumbe, kwa mwalimu mkuu na kwa baba mdogo ili "waone wenyewe." Ujumbe usifutwe. Namba ya mtishaji, tarehe na saa ziandikwe pembeni. Picha ya faragha ya mtoto isinakiliwe wala kutumwa kwa yeyote, hata kama ni ushahidi. Simu yenyewe ndiyo ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Asilipwe mtu fedha, wala asitumiwe picha ya pili ili anyamaze, maana mtishaji aliyelipwa hurudi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeharamisha picha za ngono za watoto, na kifungu chake cha 23 kinamhusu anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumshurutisha au kumtesa mtu kisaikolojia: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mtoto au mzazi asiye na nauli ya kufika wilayani anaweza kupiga simu namba 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto inayoendeshwa na C-Sema, bila malipo.

Kuna swali moja ambalo wahudumu wengi huliogopa: kama mtoto amewahi kufikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Uzoefu wa tiba ya akili duniani kote umeonyesha kuwa huulizwa kwa upole na hujibiwa kwa nafuu. Aibu ya picha iliyosambazwa ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumsukuma kijana ghafla, kwa saa chache tu, na saa hizo ndizo za kuvushwa. Katika nyumba za wakulima wa korosho na ufuta viuatilifu huwekwa chini ya kitanda au pembeni ya mlango. Mzazi aombwe kuvifungia kwa kufuli au kuvihamishia kwa jirani siku hiyohiyo, na mtoto asilale peke yake. Ushauri huu hauhitaji daktari bingwa.

Mwanafunzi anapokuwa ndiye anayetisha

Mara chache mambo huja kwa upande wa pili: ujumbe kwenye kundi la darasa unasema bweni litachomwa, au mwalimu fulani "atakiona." Majirani zetu wa Kenya waliona katikati ya mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zikichomwa moto, na hakuna haja ya kusubiri somo hilo lirudiwe huku. Si kila ujumbe wa hasira ni mpango. Cha kutafutwa ni kama anayetisha ametaja mtu, siku na njia, kama amekwisha kukusanya vifaa, na kama katika siku za karibuni amepigwa hadharani, amefiwa au amesimamishwa shule. Kumfukuza bila kumsikiliza humwacha nje ya uzio akiwa na simu ileile na hasira iliyoongezeka. Mwalimu, mzazi na mhudumu wa afya wakikaa naye siku hiyo, mara nyingi hugundulika kijana aliyeonewa kwa muda mrefu bila mtu kumsikia.

Shule inaweza kubadilika?

Ipo sababu ya kujibu ndiyo, kwa tahadhari. Katika wilaya ya Luwero nchini Uganda, shule za msingi 42 zilishiriki jaribio la mpango wa shirika la Raising Voices, ambao huhusisha shule nzima: mkuu wa shule, walimu, wanafunzi, wazazi na kanuni wanazozitunga pamoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miezi 18, wanafunzi waliosema wamepigwa na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zenye mpango, na karibu asilimia 49 katika zile zisizo nao. Asilimia 31 bado ni aibu. Lakini ni shule zenye madarasa yaliyojaa na mishahara midogo, kama zetu, na fimbo ilipungua.

Upande wetu, jaribio jingine katika shule za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, lililowalenga walimu kwa vikao vya wiki chache, halikuonyesha kupungua kwa vipigo. Yapo mengi yanayotofautisha kambi na kijiji, lakini tofauti ya muda na upana haipuuziki. Semina ya siku mbili yenye posho na chai haibadilishi mazoea ya vizazi vitatu. Mpango wa Shule Salama, ulioingizwa katika mradi wa kuimarisha elimu ya sekondari, SEQUIP, umeweka mambo yanayofanana na ya Luwero: walimu wa unasihi waliofundishwa, kanuni za maadili, stadi za maisha kwa wanafunzi. Utafaulu pale tu mwalimu wa unasihi atakapokuwa mtu tofauti na mwalimu wa nidhamu. Katika shule ndogo mara nyingi ni mtu mmoja, na hakuna mtoto atakayepeleka siri ya picha kwenye ofisi ambayo asubuhi alipelekwa kuchapwa.

Haki kwa walimu ni kusema pia kwamba wengi wao wanafundisha mikondo miwili mitatu peke yao, na wanatukanwa kwenye makundi ya wazazi kwa matokeo ya mitihani wasiyoyamudu. Mwalimu anayetishwa mtandaoni naye ni mgonjwa anayestahili dakika kumi.

Zahanati na shule katika bonde hili mara nyingi ziko umbali wa kutembea. Mganga mfawidhi hufika shuleni kwa chanjo na dawa za minyoo na kichocho. Siku hiyohiyo anaweza kuketi na mwalimu wa unasihi na kukubaliana jambo moja la maandishi: mwanafunzi atakayeripoti kitisho hataadhibiwa kwa kosa la kumiliki simu. Simu inaweza kukabidhiwa kwa mzazi baadaye, na utaratibu wa shule ukabaki. Wanafunzi watangaziwe mstarini, kwa sauti, na mkuu wa shule mwenyewe.

Na liko lile daftari la matibabu. Mwanafunzi hulipeleka kwa mwalimu wa zamu kueleza utoro wake. Mdogo wake huchora ndani yake. Shangazi hulisoma njiani. Kwa hiyo kisa cha binti kisiandikwe humo. Kiandikwe katika rejesta inayofungiwa kabatini, na humo daftarini ibaki tarehe ya kurudi tu: wiki ya sita na mwezi wa tatu kwa kipimo cha VVU kama palikuwa na tendo, na juma lijalo kwa mazungumzo hata kama hapakuwa nalo. Tarehe hiyo isigongane na siku ya mtihani, na iwe siku ambayo muuguzi yuleyule yuko zamu.